Mtoto anapiga peke yake, nani anamsikiliza?

Bobby Hutcherson alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza alikuwa na siri moja. Hakujua kuipiga ala aliyosimama nyuma yake.

Ilikuwa miaka ya 1950 huko Pasadena, jimbo la California, Marekani. Bobby alikuwa bado kijana wa shule. Siku moja alikuwa amesikia santuri ya Milt Jackson, mpiga vibrafoni kutoka Detroit, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Rafiki yake Herbie Lewis, mpiga besi, akamwambia: tafuta vibrafoni uje kwenye kikundi chetu.

Vibrafoni ni ndugu ya marimba ya kugonga kwa vijiti. Vibao vyake vimepangwa kama funguo za kinanda, ila si vya mti, ni vya alumini. Mpigaji husimama, akavigonga kwa vijiti ambavyo vichwa vyake vimezungushiwa uzi. Si kitu cha bei ya mtoto wa shule. Bobby akaenda kufanya kazi na baba yake, aliyekuwa fundi mwashi, mpaka fedha za kununulia zikapatikana.

Ala ikaja, lakini onyesho lilikuwa karibu na muda wa kujifunza haukuwepo. Herbie akampa mbinu: chukua kalamu ya wino mweusi uandike namba juu ya vibao. Wimbo ukianza, gonga hapa, halafu hapa, halafu pale. Ufuate namba tu.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa, baba na mama wakiwa miongoni mwa watazamaji. Dakika chache kabla ya kuanza, msimamizi wa jukwaa akamwambia Bobby, kwa nia njema kabisa, kwamba ameona vibao vimechafuka, akachukua kitambaa kibichi akavifuta vyote.

Noti ya kwanza aliikumbuka. Kuanzia ya pili ikawa vurugu tupu. Watu walizomea, watu walicheka. Hutcherson alikuja kukisimulia kisa hiki ukubwani, alipokuwa mmoja wa wapigaji vibrafoni wakubwa duniani, na hakuwaacha nje wazazi wake. Mama alikuwa amekaa anatabasamu tu. Baba alikuwa akisema: si niliwaambia huyu angekuwa mwashi?

Nilipokutana na kisa hicho nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana nilijitambua. Mimi ndiye yule baba.

Sekunde 40

Binti yangu yuko kidato cha pili. Anajifunza kinanda kidogo cha umeme tulichokipata mkononi mwa jirani aliyekuwa anahama, funguo mbili hazifanyi kazi. Nyumbani kwetu hakuna mwingine anayepiga chochote. Mdogo wake akimsikia, anaongeza sauti ya televisheni.

Siku moja nikiwa kazini simu ikalia. Ilikuwa rekodi kutoka simu ya mama yake, sekunde 40. Chini yake ameandika: "Baba, sikiliza."

Nikasikiliza nusu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki. Nikajibu: "Umekosea pale katikati. Rudia."

Akaandika: "Sawa baba."

Kwa miezi minne hakutuma tena. Kinanda kilihamia juu ya kabati, na mimi nilidhani ni mambo ya mitihani. Mama yake ndiye aliyenieleza baadaye. Mtoto alikuwa amerudia mara tisa kabla ya kunitumia, na ile aliyonitumia ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Nimeamua kuandika juu ya wapigaji vibrafoni kwa sababu ni watu wanaoijua hali ya kutuma rekodi na kungoja jibu kuliko wanamuziki wengi. Wamelazimika kuijua.

Ala ya mtu mmoja

Kwa majirani zetu Waganda kuna amadinda, marimba kubwa yenye vibao 12. Haipigwi na mtu mmoja. Wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akiingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, na wa tatu hukaa kwenye vibao vya juu. Mtoto anayejifunza amadinda hawezi kujifunza peke yake hata akitaka. Lazima kuwe na mtu mbele yake anayemtazama usoni.

Vibrafoni ni ya ukoo huohuo, lakini ilizaliwa mbali. Marimba zilivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani, zikapata makao Guatemala na nchi jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Leedy ya Indianapolis, Marekani, ikatengeneza ala ya namna hiyo kwa vibao vya chuma. Chini ya kila kibao iliweka mrija, na juu ya mrija kisahani kidogo kinachozungushwa na mota. Kisahani kikifunua na kufunika mdomo wa mrija, sauti inatetemeka. Jina la ala limetokana na mtetemo huo. Mwaka 1927 kampuni ya Deagan ya Chicago ikaja na yake, yenye vibao vya alumini na pedali ya mguu, na sura hiyo ndiyo iliyobaki mpaka leo.

Vibrafoni ya kawaida ina vibao 37. Mpya, ya kiwango cha kitaaluma, inauzwa kwa maelfu ya dola. Haiingii kwenye daladala wala huwezi kuibeba kwapani kwenda kwa rafiki. Na bendi ikiwa na mpiga vibrafoni, huwa ni mmoja. Mtoto wa violini atakaa na wenzake 10 kwenye safu moja, na wa tarumbeta atapata mwenzake kwenye bendi ya kanisa. Wa vibrafoni anaweza kumaliza shule hajamwona mwingine.

Gary Burton ni mfano. Alizaliwa mwaka 1943 katika jimbo la Indiana, akakulia kwenye miji midogo ya huko. Alianza masomo ya marimba akiwa na miaka sita, lakini sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza santuri. Watu wa kupiga nao walikuwa haba. Kwa kuwa hakuna wa kumpigia besi wala kinanda nyuma yake, akawa anashika vijiti vinne, viwili kila mkono, ili ala moja ijaze nafasi ya watu watatu. Wapo waliofanya hivyo kabla yake, lakini yeye aliufikisha ufundi huo mbali sana. Namna yake ya kuvishika vijiti vinne inaitwa kwa jina lake na inafundishwa duniani kote. Alipata tuzo ya Grammy kwa albamu ambayo sehemu yake kubwa anapiga peke yake kabisa.

Upweke ulimpa Burton kitu. Lakini tusidanganyane, kwa kila Burton mmoja wapo wengi waliofunika ala shuka wakaenda zao.

Rekodi inasafiri

Zamani sauti ilisafiri upande mmoja. Milt Jackson alirekodi, Bobby akasikia, basi. Bobby hakuwa na njia ya kumrudishia Jackson na kumwambia: na mimi nimejaribu, hebu sikia.

Leo njia hiyo ipo mfukoni. Mpiga vibrafoni aliye peke yake katika mji wake anaweka simu kwenye kiti, anapiga wimbo, anawatumia wenzake walio Japani, Brazili au Ujerumani. Wakati kumbi zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, wanamuziki wengi walikuwa na njia hiyo tu. Miongoni mwa wanaotumiana rekodi wamo walimu wa vyuo, wamo wanafunzi, na wamo watu wazima walioanza kujifunza wakiwa na wajukuu. Nyingi si rekodi za kuuza. Unasikia mbwa akibweka, unasikia mtu akifungua mlango.

Kwa nini rekodi ina maana kubwa hasa kwa ala hii? Sababu ipo mguuni.

Ukigonga kibao cha vibrafoni bila kukanyaga pedali, kitambaa laini kinakigusa kwa chini na sauti inakatika. Ukikanyaga, sauti inaning'inia hewani sekunde kadhaa. Sasa noti mbili zisizopatana zikining'inia pamoja zinatia ukungu. Mguu ukiachia mapema, wimbo unakuwa mkavu kama mtu anayeongea kwa kukatakata. Fundi hodari hunyamazisha kibao kimoja kwa ncha ya kijiti huku kingine kikiendelea kuimba.

Mpigaji mwenyewe, mikono na mguu vikiwa kazini, hasikii sawasawa ukungu huo. Anasikia alichokusudia. Rekodi humsikilizisha kilichotoka. Ndiyo maana wengi husema rekodi ya kwanza inauma, na ndiyo maana anayekutumia rekodi yake anakuwa amekwisha kuyasikia makosa yake. Hahitaji mtu wa kumwambia kwamba yapo.

Kinachomsaidia ni jibu la mtu aliyesikiliza kweli. Anaambiwa kwamba ule ukimya kabla ya kurudia kiitikio umependeza. Anaulizwa kama aliizima mota kwa makusudi, au kama amejaribu kuachia pedali robo ya pigo baadaye. Jambo moja linatajwa, si kumi, tena kwa namna inayoonyesha kwamba msikilizaji alifika mwisho. "Hongera sana" peke yake huwa nzuri kwa siku moja. Ya tatu na ya nne mtoto anaanza kujua kwamba hujafungua.

Vijiti kabla ya ala

Utamaduni huu wa kutiana moyo haukuanza na simu. Lionel Hampton, ambaye mwaka 1930 aliigonga vibrafoni studioni na Louis Armstrong na kuifanya ijulikane kama ala ya jazi, aliwahi kushuka kutoka jukwaani katika onyesho lake huko California akamkabidhi mtoto wa miaka mitano vijiti vyake. Mtoto huyo, Roy Ayers, alikuwa ameletwa na wazazi wake. Mama yake alikuwa mwalimu wa piano.

Ayers hakuanza kuipiga vibrafoni hasa mpaka alipokaribia kumaliza utoto, akiwa na miaka 17 hivi. Hebu fikiria mzazi mwenzangu, miaka 12 mtoto ana vijiti na hana cha kugonga. Vijiti havikutupwa. Ayers alikuja kuwa nyota wa muziki wa soul na jazi, akafika Nigeria kufanya kazi na Fela Kuti, na alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 84.

Na kwa walio karibu nasi yupo Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyezaliwa Jimma mwaka 1943. Mwishoni mwa miaka ya 1950 familia ilimpeleka Wales, Uingereza, akasome awe mhandisi. Ni hadithi ambayo nyumba nyingi za kwetu zinaijua: mtoto anapelekwa ng'ambo na cheo chake kimeshaamuliwa. Shuleni huko wakaona kipaji chake cha muziki. Akaenda kusoma muziki London, kisha Boston katika chuo cha Berklee, akawa Mwafrika wa kwanza kusoma pale. Alirudi Addis Ababa na vibrafoni, akaunganisha ngazi za noti tano za Kiethiopia na jazi. Mwaka 2005 filamu moja ya Marekani ilipotumia nyimbo zake, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa aliporekodi wakaanza kumtafuta.

Sisemi kila mtoto aachwe aache uhandisi. Mimi mwenyewe natamani binti yangu asome sayansi, na ameshanisikia nikisema hivyo mara nyingi mno. Lakini sikuwahi kukaa nimsikilize wimbo mmoja mpaka mwisho, na hilo halikuhitaji ada ya shule.

Nyumbani kwako

Mtoto wako huenda hapigi vibrafoni. Huenda ana filimbi ya shule, gitaa la nyuzi tano badala ya sita, ngoma, au anaimba tu bafuni. Taratibu za wapigaji wale zinafaa hapo pia.

Kwanza rekodi yenyewe. Simu isiwekwe juu ya ala wala juu ya meza inayotikisika. Iwe hatua mbili tatu mbali, kimo cha kifua. Chumba chenye vigae vitupu kinarudisha mwangwi; chenye kitanda, nguo na pazia kinasikika vizuri zaidi, kwa hiyo chumba cha kulala kinashinda sebule. Sauti peke yake inatosha na inakula bando kidogo kuliko video.

Kisha tarehe. Usifute za zamani. Rekodi ya Januari ukiisikiliza Juni inamwambia mtoto kitu ambacho wewe huwezi kumwambia akaamini. Sisi tumefungua kundi la WhatsApp la watu wanne: mimi, mama yake, shangazi yake aliye Tanga na rafiki yake mmoja anayejifunza gitaa. Halina kazi nyingine, na salamu za asubuhi zenye picha za maua zimepigwa marufuku humo. Shangazi analalamika.

Hapa pia niseme la usalama. Kumtumia shangazi ni tofauti na kuweka mtandaoni kila mtu aone. Mtoto akitaka kujiunga na wapigaji wenzake wa mbali, na ni jambo zuri, akaunti iwe ya mzazi. Picha ionyeshe mikono na ala tu. Sare ya shule yenye nembo, jina lake kamili, namba ya simu na mandhari ya dirishani vinavyoeleza mnakoishi visionekane. Mtu mzima asiyejulikana akianza kumsifu mtoto faraghani na kumwomba picha, hilo si suala la muziki tena. Mzuie, na umweleze mtoto kwa nini bila kumlaumu.

La mwisho ndilo lililonishinda kwa muda mrefu: mtoto akikosea, nani amwambie? Mwalimu wake atamwambia, ndiyo kazi yake. Rekodi itamwambia. Mwenzake anayepiga ala hiyohiyo atamwambia, na atamsikiliza huyo kuliko wewe, kwa sababu na yeye alikosea palepale wiki iliyopita. Mzazi asiyejua noti hata moja ana nafasi nyingine, kumwambia alichosikia. Wapi ulitikisa kichwa, wapi ilikukumbusha wimbo wa harusi yenu, wapi hukuelewa. Hayo hakuna mwalimu anayeweza kumpa.

Kuhusu baba yake Hutcherson, simhukumu. Alitania, na vibrafoni ile ilinunuliwa kwa matofali aliyoyapanga pamoja na mwanawe. Baada ya kuzomewa ukumbi mzima, Bobby alirudi nyumbani na ala yake, akatafuta wa kumfundisha, akaendelea. Mwaka 1964 alirekodi na Eric Dolphy albamu ambayo wapenzi wa jazi bado wanaizungumzia. Ila ninapofikiria ule ukumbi, macho yangu yanakwenda kwa yule mama anayetabasamu huku watu wakizomea, nikajiuliza alisikia nini katika vurugu ile.

Kinanda kimeshuka kutoka kabatini. Nilimwomba radhi binti yangu kwa lile jibu la benki, akasema hata halikumbuki, na mama yake akanitazama kwa jicho la pembeni.

Wiki tatu baadaye ikaja rekodi. Wimbo uleule. Nilitafuta kona, nikavaa spika za masikio, nikasikiliza mara mbili. Pale katikati amekosea tena, palepale. Nikaandika: "Mwisho umepunguza mwendo taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Ulifanya makusudi?"

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mfukoni.

"Kwani umesikia?"

Jumamosi ametuma nyingine, dakika tatu na nusu. Nimo kwenye daladala na kondakta anapiga kelele. Nitaifungua nikishuka.